Namna ya Kusoma Utabiri wa Mganga Machimboni

Vijana wanaocheza gemu za mazombi kwenye mabanda ya Kahama wanajua jambo ambalo wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, hujifunza kwa gharama kubwa: mwisho si mmoja. Resident Evil ile ya 1996 humalizika kwa kutegemea umemwokoa nani na umemwacha nani ndani ya jumba. Utabiri wa machimboni nao ndivyo ulivyo, ila huku hakuna kitufe cha kuanza upya, na kuku unanunua wewe.

Chukua ule wa kawaida. Kuku kapasuliwa, mzee kainamia matumbo, kimya kirefu, halafu: “Mwanangu, dhahabu ipo. Ila ina mwenyewe.”

Usiulize ni nani. Utaharibu kauli ambayo haijawahi kushindwa. Mkipata mawe mazuri, mwenyewe karidhia. Duara likijaa maji hadi pampu ikazima, mwenyewe kakasirika. Mkitwanga, mkaosha kwenye karai, mkabaki mnatazamana juu ya mchanga mweusi, basi mwenyewe kahamisha mali. Kaipeleka wapi? Kwa jirani, wapi tena, ambako mifuko ya mawe inapanda tangu juzi.

Hapo ndipo misukule inapoingia. Jirani akipata, wanaomchimbia usiku si watu wa kawaida. Zombi la kwenye gemu huja kukuuma. Msukule wa Geita huja kazini, hasinzii, tena hadai mgao. Ndiyo maana wenye maduara huisimulia hadithi hii kwa wivu kuliko kwa hofu.

Lakini mganga akianza kutaja jina la jirani, au akidokeza kiungo cha binadamu, inuka uondoke. Ramli chonganishi ilipigwa marufuku na serikali Januari 2015, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Hapo hakuna utani.

Wala usikimbilie kununua sanda kwa sababu mganga kaota duara limewafukia. Oktoba 2015 mgodi ulititia Nyangalata, Kahama. Watu 5 walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi. Mwisho wa namna hiyo hata mtunzi wa gemu angeona haya kuuandika.

Mwisho ninaoupenda mimi ni ule wa Land Cruiser. Mmeshafikia mwamba, mara anashuka bwana mwenye leseni ya Tume ya Madini: eneo ni lake. Mwenyewe kafika, na viatu vinang’aa. Na yeye ana mwenyewe wake, maana Sheria ya Madini inasema madini ni mali ya wananchi, Rais kayashika kwa niaba yao. Ukifika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, utakutana na mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Yote hayo mzee aliyaona kwenye matumbo ya kuku.

Ukitaka kwenda kulalamika kwa mzee, nenda. Ila beba kuku mwingine. Yule wa kwanza ameshaliwa.