Anza na Choo: Mhadhara Mkuu Kuhusu Gari-Nyumba

Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa mtaniwia radhi, maana niliyeipanga ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wageni waalikwa, wazee wangu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana wa viti vya nyuma mliovutwa na tetesi za soda: mko mbele ya Mtaalamu Mwandamizi wa Makazi Yenye Magurudumu, cheo ambacho hakuna chuo duniani kinachokitoa, hali iliyonilazimu kujitunuku baada ya kamati ya mtu mmoja kuketi, kujadili kwa kina na kupitisha bila kupingwa. Leo nazungumzia gari-nyumba, lile gari lenye kitanda, jiko, meza, kabati na choo, ambalo watu wa Marekani na Ulaya hulinunua kwa bei ya nyumba ya kweli ili wapate kwenda kulala maegeshoni. Hoja yangu ni moja, na sitaipaka rangi: anayechagua gari-nyumba achague choo kwanza. Injini, televisheni na idadi ya vitanda ni mambo ya kujadiliwa baadaye, na watu wa ngazi ya chini.

Historia inaniunga mkono, kama ilivyo desturi yake. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, gari lililoitwa Touring Landau, ambalo huhesabiwa miongoni mwa mababu wa gari-nyumba. Kiti cha nyuma kililazwa kikawa kitanda, sinki lilikunjuliwa kutoka mgongoni mwa kiti cha dereva, palikuwa na simu ya kumpa dereva huyo maagizo, na palikuwa na chungu cha haja. Iangalieni akili hiyo jinsi ilivyopangika: jokofu hakuna, kiyoyozi hakuna, barabara nyingi ni tope, lakini tajiri wa 1910 amekwisha kujiuliza swali ambalo mnunuzi wa leo hulikumbuka baada ya kutia saini. Mwandishi John Steinbeck naye, alipoagiza mwaka 1960 pikapu yenye chumba mgongoni ili aizunguke Marekani akiwa na mbwa wake Charley, alihakikisha chumba kile kina choo cha dawa. Akalibatiza gari hilo Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote, na leo limehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu lake huko Salinas, California. Mwaka mmoja kabla ya hapo Wally Byam, mwasisi wa Airstream, alikuwa ameng'oa nanga Cape Town kuelekea Cairo akiongoza msafara wa matrela 41 ya alumini, uliopita Kenya na Ethiopia. Mchokozi atasema yale yalikuwa matrela ya kukokotwa, si magari-nyumba. Namkubalia, kisha namshinda: magari ya kukokota mizigo yalikuwepo miaka mingi, na barabara mbovu za Afrika hazikuwa siri. Kilichochelewa ni trela linalojitegemea kwa maji, taa na choo bila kuunganishwa na bomba la mtu. Lilipopatikana, Mzungu akathubutu.

Sasa fundi wa gereji ananyanyua mkono kusema kwamba gari ni injini. Kwa daladala, ni kweli tupu. Lakini kiwanda cha gari-nyumba, aghalabu, hakitengenezi injini wala chesisi. Kinanunua vyote viwili kwa watengenezaji wa malori na magari ya mizigo, kisha kinaita maseremala. Huko Ulaya sehemu kubwa ya magari haya imejengwa juu ya Fiat Ducato, gari ambalo bila kabati na mapazia lingekuwa linasambaza mikate. Marekani, ambako viwanda vya kazi hii vimerundikana Elkhart, Indiana, na ambako Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kutoa magari-nyumba mwaka 1966, utakuta Ford, Mercedes na wachache wengine chini ya majina mengi ya kifahari. Kwa hiyo bwana mmoja anaweza kushinda asubuhi nzima kwenye maonyesho akilinganisha injini za kampuni tatu, kumbe analinganisha injini moja iliyovikwa kanzu tatu. Tofauti ya kweli iko juu ya chesisi: useremala, paa lisilovuja, na tenki. Paa likivuja utaita fundi. Tenki likikushinda hakuna wa kumwita.

Tutazame uzito, ambao ndio elimu inayopuuzwa kuliko zote. Leseni ya kawaida katika nchi za Umoja wa Ulaya, daraja B, imezoeleka kwa kikomo cha kilo 3,500, gari na vyote vilivyomo. Viwanda vinakijua kikomo hicho, hivyo hulipunguza gari gramu kwa gramu mpaka likaribie kilo 3,000 likiwa tayari kuondoka, na hizo zilizobaki wanaziita nafasi yako. Kwa hesabu ya sheria, gari lililo tayari kuondoka lina mafuta asilimia 90 ya tangi na dereva wa kilo 75. Dereva wa kilo 75! Sheria haitaki kujua kama bwana yule ametoka kwenye harusi wala amekula sahani ngapi. Ongeza mke, watoto wawili, baiskeli nne, kivuli cha turubai, viti vya kukunja, na mtungi wa gesi. Kisha jaza maji lita 100, ambazo kwa sheria ya maumbile, isiyo na afisa wa kuhongwa, ni kilo 100. Msomi wa haraka atasema maji yatapungua njiani. Hayapungui, yanahama: yanatoka tenki la juu, yanapitia sinki, bafu na binadamu, yanashukia matenki ya chini, na uzito ni uleule mpaka mtu ayamwage. Tenki likiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, kila ndoo inayoingia huko huzidisha uzito nyuma na kuyapunguzia mzigo matairi ya mbele, ambayo ndiyo ya kukatia kona. Dereva wa lori anayepanga foleni ya mizani pale Mariakani hahitaji kuelezwa haya. Mstaafu wa Stuttgart huyasikia mara ya kwanza kwa polisi wa barabarani, na kwa Kijerumani.

Tunaingia chooni sasa. Wenye mioyo dhaifu watazame dirishani. Mifumo mikuu ni miwili. Ulaya imependa kaseti, sanduku la plastiki la lita kati ya 17 na 20 linalochomolewa kwa kijimlango cha ubavuni na kubebwa hadi mahali pa kumwagia. Wawili wakiitumia kwa bidii, itajaa kwa siku mbili tatu. Marekani, nchi isiyopenda kubeba, ina tenki kubwa lililofungwa chini ya gari, ambalo kwa yale magari makubwa ya umbo la basi huweza kupita lita 150, na humwagwa kwa mpira mnene kupitia valvu. Kuna matenki mawili: la maji ya choo, na la maji ya sinki na bafu. Kanuni ni kufungua la choo kwanza, kisha lile jingine, ili maji ya sabuni yausafishe mpira. Kuna kanuni ya pili inayotofautisha mtaalamu na tajiri. Mwenye gari akifika kambini, akaunganisha mpira wake kwenye bomba la maji taka na kuiacha valvu ya choo wazi wiki nzima, akiamini amekuwa mjanja, maji yatatiririka na kwenda zao lakini vilivyo vizito vitabaki, vitarundikana chini ya shimo, vitakauka na kusimama. Wamarekani wenyewe wanaliita rundo hilo piramidi. Dawa yake ni kuifunga valvu mpaka tenki lipite theluthi mbili, kisha kufungua kwa ghafla ili wingi wa maji uondoke na kila kitu. Piramidi za Giza zimesimama miaka zaidi ya 4,000, na hizi nyingine zina nia hiyohiyo.

Wapo wanaoona natia chumvi kuhusu uzito wa suala hili. Hao nawapeleka Chicago, tarehe 8 Agosti 2004. Basi la ziara la Dave Matthews Band, ambalo kwa vigezo vyangu ni gari-nyumba lenye mashabiki, lilikuwa likivuka daraja la Mtaa wa Kinzie. Sakafu ya daraja hilo ni wavu wa chuma. Dereva akafungua tenki la choo juu ya mto. Kwa bahati iliyopangwa na mwenye chuki, chini ya daraja, wakati uleule, ilikuwa ikipita boti iliyojaa watalii waliokuwa wameinua nyuso kutazama usanifu wa majengo ya jiji. Zilishuka takriban kilo 360. Suala lilifika mahakamani, dereva akakiri kosa, na bendi ikalipa dola 200,000 kumaliza shauri lake. Msomaji wa sheria ataona suala la mazingira. Mimi naona tenki lililokuwa limejaa, mtu mwenye haraka, na safari iliyopangwa bila kujua pa kumwagia.

Pingamizi zito kuliko yote, na nalipa heshima ya aya nzima, ni la kwetu: tenki la nini, mzee, wakati tuna desturi ya kuchimba dawa? Basi la Mwanza husimama, kondakta hutangaza, wanaume upande huu, akina mama upande ule, dakika tano, safari inaendelea, na hakuna aliyebeba kilo moja ya ziada. Ni mfumo mwepesi na wa kale, ila umejengwa juu ya sharti moja ambalo wanaousifu hawalitaji, nalo ni kwamba basi litaondoka. Dawa huchimbwa na mtu anayehama. Mwenye gari-nyumba kazi yake ni kubaki: amesimama hapo kwa ajili ya mandhari, na asubuhi atatoa meza, kiti na chai kwenye kichaka kilekile. Siku ya pili mandhari yatakuwa yamepungua, na siku ya tatu upepo utabadili mwelekeo. Isitoshe, kichaka kisicho na mwenyewe ni nadra kuliko kinavyoonekana kutoka dirishani. Kuna shamba la mtu, kuna chanzo cha maji ya kijiji, na kwenye ile barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi wenyewe wana kucha. Huko Ufaransa miji na vijiji vingi vimeweka vituo rasmi ambako gari-nyumba hujaza maji na kumwaga taka. Marekani maduka mengi ya Walmart humruhusu msafiri kulala maegeshoni, lakini kulala tu. Tenki lake aondoke nalo. Basi ramani ya msafiri mwenye akili haichorwi kwa vivutio, inachorwa kutoka kituo cha kumwagia hadi kingine, na maporomoko ya maji yakitokea katikati, atayatazama.

Uendeshaji nitaugusa kwa kuwa mmelipia. Gari hili ni refu na pana, na kimo chake hukaribia mita nne kwa yale makubwa ukihesabu kiyoyozi cha paani, kitu ambacho akili ya mwenye gari dogo hukisahau kila baada ya nusu saa. Katika mji wa Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na uwazi wa futi 11 na inchi 8, kama mita 3.56, ambalo kwa miaka mingi liliyachuna mapaa ya malori na magari-nyumba mbele ya kamera, pamoja na vibao na taa za onyo. Mwaka 2019 waliliinua kwa inchi 8, na mapaa yakaendelea kuchunwa. Andika kimo cha gari lako kwenye karatasi, uibandike mbele ya usukani. Kwenye kona, kumbuka kwamba sehemu iliyo nyuma ya ekseli huchapa upande wa pili unapokata, na hapo ndipo nguzo za taa hupotelea. Kurudi nyuma kunahitaji utingo. Malori yetu yalilitatua suala hili zamani kwa kijana anayeruka chini na kupiga kelele za kata, lete, lete, simama. Gari-nyumba huikabidhi kazi hiyo kwa mke au mume, bila mafunzo wala mshahara, na lawama zote. Kuhusu kile kisa cha Mmarekani aliyetega mwendo wa kujiendesha, akaenda nyuma kuchemsha kahawa, gari likapinduka na mahakama ikamzawadia gari jipya, ni uzushi, hakuna kesi kama hiyo. Mnaweza kuacha kunitumia.

Mhasibu anasema hoteli ni rahisi zaidi. Gari kubwa la petroli hula lita moja kwa kilomita tatu au nne, thamani yake huporomoka tangu siku linapotoka yadi, na kwa fedha hizo mtu angelala hotelini miaka. Hesabu zake ni sahihi, sina haja nazo. Hotelini choo ni cha kila aliyelala pale jana na juzi.

Limebaki pingamizi la utovu wa adabu, linalonong'onwa pale nyuma, kwamba mhadhiri hana gari-nyumba na huenda hajawahi kuliingia. Aliyepima umbali wa jua hakwenda na futi kamba. Tena elimu ninayoifundisha haianzii barabarani, inaanzia kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, ukumbi katikati na choo kimoja uani. Yeyote aliyeishi humo amekwisha kufuzu nusu ya somo: anajua foleni ya alfajiri, anajua ndoo ya maji ni ya nani na zamu ya kusafisha ni ya nani, anajua kwamba shimo hujaa siku ya sikukuu, na kwamba siku hiyo wapangaji wote hupiga simu kuita gari la maji taka lakini mwenye nyumba hapatikani. Nusu ya pili ya somo ni fupi. Kwenye gari-nyumba, wapangaji watapiga simu vilevile, na itaita mfukoni mwako.