Heko, Shilingi Moja

Wengine na wausifu Mlima Kenya, wengine miraa. Mimi nimesimama hapa sokoni Ruiri kuisifu shilingi moja, ile ambayo ikidondoka hakuna anayeinama.

Ina ukoo, jamani. Ilitawazwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, baada ya rupia kufukuzwa na florini kuonja ufalme mfupi. Wakati huo ilibeba simba na milima nyuma yake. Wadogo zake, peni na ndururu, walitobolewa katikati na kuchorwa pembe mbili za ndovu. Ndovu mwenyewe hayupo. Basi tazameni maendeleo: ndovu karudi mzima na mkonga wake, ila kapanda hadi shilingi ishirini. Simba kahamia kumi, kifaru yuko tano. Shilingi imeachiwa twiga, mnyama mrefu kuliko wote kwenye sarafu iliyo chini ya zote. Senti hazikualikwa kabisa siku sarafu hizi mpya zilipozinduliwa, Desemba 2018.

Kabla ya twiga, palikaliwa na wakubwa. Mzee Kenyatta aliingia 1966, Moi akamfuata, na katikati ya miaka ya 1990 shilingi ikakondeshwa mwili. Kibaki akajitengea sarafu yake ya shilingi arobaini 2003, kisha Mzee akarejeshwa 2005. Ikabidi Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ipige marufuku sura ya mtu yeyote. Twiga hakufanya kampeni, na wala hajaomba muhula wa pili.

Sasa maadili yake. Ni fedha gani nyingine isiyo na doa hivi? Mwizi wa mfukoni huiacha. Mghushi haitaki, maana chuma chake tu kingemtia hasara. Mwanasiasa akija kutuamkua hawezi kuirusha kwa umati, angepigwa nayo. Hata kwenye sadaka inajitangaza kwa sauti, wakati noti zinaingia kimya kama zina la kuficha.

Na ujirani je? Mama mboga akikosa chenji husema, "Mzee, chukua nyanya hii ndogo." Dukani hugeuka peremende. Kwa fundi wa viatu hugeuka "utanipa kesho," na kesho hiyo imetufanya tusalimiane miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akijua nani anamdai nani na hakuna anayetaja. Elfu moja ingetupeleka kwa chifu. Shilingi imetuacha marafiki.

Lakini kazi yake kubwa iko Meru mjini, kwenye maduka makubwa. Huko bei zote huishia 99. Unga 99, sabuni 199, blanketi 999. Uongo huo uliopigwa pasi unasimama juu ya mabega ya shilingi moja ambayo, ukifika kwa keshia, haipo. Anakutazama, unamtazama, foleni nyuma yako inakohoa, unaondoka zako. Imefanya kazi bila hata kuhudhuria! Nashuku siku Benki Kuu ikiamua kuizika, watakaoangua kilio kikubwa zaidi ni wenye maduka hayo, kwa maana watalazimika kuandika mia.