Gesi Imeisha: Maradhi ya Kiyoyozi katika Nyumba za Dar es Salaam

Kati ya Desemba na Machi, wakati upepo wa kaskazi unapoleta Dar es Salaam joto lenye unyevu ambalo halimpi mtu nafuu hata usiku wa manane, viyoyozi vya mji huu huugua kwa wingi, na ajabu ni kwamba, ingawa dalili zao hutofautiana sana, vyote hupewa jina moja la ugonjwa. Kiyoyozi kisichopoza, gesi imeisha. Kinachodondosha maji juu ya televisheni, gesi imeisha. Kile kilichokataa kabisa kuwaka, ambacho baadaye hugundulika kwamba swichi yake ya ukutani ilizimwa na kijana aliyetafuta mahali pa kuchaji simu, nacho hutangaziwa kwamba gesi imeisha, na mwenye nyumba huitikia kwa kichwa kama mgonjwa aliyesomewa majibu ya maabara.

Utambuzi huo una kasoro moja, nayo ni kwamba gesi ya kiyoyozi haina tabia ya kuisha. Gesi ya jikoni huungua ikatoweka, lakini hii hufanya kazi ya kuchukua joto ndani na kulitupa nje, kisha hurudi kuchukua jingine. Kompresa, yaani pampu iliyomo katika mashine ya nje, huikandamiza mpaka ikapata moto. Koili ya nje, ikisaidiwa na feni, huuondoa moto huo na kuigeuza gesi kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa katika njia nyembamba ambako shinikizo lake hushuka ghafla, kikawa baridi, na kinapofika katika koili ya ndani huchemka kwa joto la chumba chenyewe na kuwa gesi tena. Mzunguko wote umefungwa, na gesi iliyotiwa siku mashine ilipofungwa inaweza kudumu umri wote wa mashine. Ikipungua imevuja, iliyovuja ina tundu, na tundu lisipotafutwa na kuchomelewa, gesi mpya itaifuata ile ya zamani, pengine kabla uniti za umeme wa LUKU zilizonunuliwa siku hiyo hazijamalizika.

Kwa nini basi utambuzi huu umeshamiri? Sababu ni kwamba unawapendeza wote wawili. Fundi akisema, "Bosi, gesi imeisha," hulipwa gesi na hulipwa kazi. Bosi naye huepushwa na habari ya aibu, kwamba kichujio cha mashine yake hakijaoshwa tangu siku iliponunuliwa. Kichujio ni ule wavu mwepesi wa plastiki ulio nyuma ya kifuniko cha mbele, ambao huchomolewa kwa vidole, huoshwa kwa maji ya bomba na kuanikwa kivulini, bila gharama yoyote, na huenda ndiyo maana hauheshimiwi. Ukiziba, hewa haipiti ya kutosha juu ya koili ya ndani, koili huzidi kupoa, unyevu ulioishikilia huganda, na mwenye nyumba akichungulia akaiona barafu hufurahi na kuwaita jirani waje kushuhudia mashine inavyopoza, hali barafu hiyo ni alama ya ugonjwa na chumba kinazidi kupata moto.

Mashine ya nje nayo ina mateso yake. Kwa hofu ya wezi hufungiwa ndani ya kizimba cha nondo kilichobanwa ukutani, na kwa kuwa kizimba ni kitu imara na jua lipo, dada wa kazi huanikia hapo mataulo. Mashine ambayo kazi yake yote ni kutupa joto hujikuta ikivuta tena hewa ileile ya moto iliyoitoa, ikahangaika na kula umeme, mpaka kinga yake inapoizima. Siku nyingine mjusi huingia kutafuta makazi katika bodi, yaani kile kibao cha saketi kinachoongoza mashine nzima, akagusa pasipogusika, na vifo vikawa viwili.

Hata hivyo, hakuna chombo kinacholeta mkanganyiko wa kitaalamu kama rimoti. Baadhi ya viyoyozi vinavyouzwa nchini vina uwezo wa kupasha joto, kwa sababu vimewekewa vali inayogeuza mwendo wa gesi, ili joto lichukuliwe nje na kuletwa ndani. Ni uwezo ambao ungefaa sana Makete mwezi Julai, huku Mbagala mwezi Februari hauna mteja. Mtoto akibonyeza mpaka pichani pakatokea jua badala ya theluji, baba huagiza nyuzi 18. Mashine hupima chumba, ikakuta nyuzi 31, ikaona kazi ya kupasha joto imekwishafanywa na serikali ya mbinguni, ikatulia. Fundi huitwa, mtungi hupandishwa ghorofani, geji huunganishwa, maelezo hutolewa. Katika purukushani hizo mtu hubonyeza rimoti tena, theluji ikarudi, chumba kikapoa, na sifa zote zikaenda kwa gesi.

Katika kununua, kosa linalopendwa ni la ukubwa. Uwezo wa kiyoyozi hupimwa kwa BTU, kipimo cha joto, na mashine ya BTU 12,000 kwa saa huondoa joto ambalo kwa saa 24 lingeyeyusha takriban kilo 907 za barafu, kiasi kinachotosha chumba cha kulala cha kawaida. Mwenye uwezo hununua ya 24,000 kwa chumba hichohicho, kwa kuwa ukubwa ni heshima. Mashine hupoza hewa upesi, hujizima kabla haijaondoa unyevu, na mwenye nyumba hulala katika ubaridi wenye majimaji kama wa pangoni. Willis Carrier, aliyesanifu mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, hasa alikuwa akipambana na unyevu ulioharibu karatasi, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji.

Kisha kuna imani ya nyuzi 16, kwamba kuagiza baridi kali hupoza upesi zaidi. Mashine ya kawaida isiyo ya inveta, yaani ambayo kompresa yake ina mwendo mmoja tu, hupoza kwa kasi ileile iwe imeagizwa 16 au 25. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haipumziki, na kila saa ya kompresa hula karibu uniti moja kwa mashine ya BTU 12,000. Ndipo rimoti huanza kulala chini ya mto wa baba.

Nyumba zenyewe hazisaidii. Wajenzi wa kale wa Lamu na Unguja waliweka kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na ua wa ndani wa kupitisha upepo. Warithi wao wameweka bati, gipsamu, na dirisha pana la kioo linaloitazama magharibi bila hata kibaraza cha kulitia kivuli, kisha wakamlaumu fundi.

Mashine ikifa kweli, busara ni kuangalia kibandiko cha aina ya gesi kabla ya bei. Zenye R22 zinatumia gesi inayodhuru tabaka la ozoni, ambayo inaondolewa sokoni kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, hivyo mtumba wa namna hiyo ni rahisi siku ya kununua tu. Mashine ya R410A nayo isijazwe gesi nyingine iliyopatikana dukani, kwa kuwa shinikizo lake linazidi la R22 kwa asilimia 60 hivi na vifaa vyake ni tofauti. Inveta, ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kujizima na kuwaka, hufaa nyumba inayopoza kwa saa nyingi, mradi iwekewe kilinda umeme.

Mwenye nyumba anayesoma haya kabla kaskazi haijaanza na aoshe kichujio, aondoe mataulo, aitazame picha iliyopo kwenye rimoti, na fundi akija kutamka kwamba gesi imeisha, amwombe kwa adabu amwonyeshe kwanza ilikovujia.