Kutoka Lamu Kusikiliza Punda

Mhudumu wa meza kwenye meli ya watalii huizunguka dunia bila kuiona. Rio de Janeiro, kwangu mimi, ni kidirisha cha duara juu ya mashine ya kuoshea sahani. Kwa hiyo msimamizi wetu aliponipa ruhusa ya kushuka Stanley, mji mkuu wa visiwa vya Falkland, sikuuliza huko kuna nini. Niliazima koti la mwenzangu wa chumbani, Mfilipino ambaye utosi wake unanifika kifuani, nikaondoka na mikono iliyokoma karibu na viwiko.

Meli yetu ilitia nanga nje, Port William, na watu wakapelekwa mjini kwa boti ndogo kupitia mlango mwembamba wa bahari. Ilikuwa Januari, yaani kiangazi cha kule. Kwetu Lamu, mamangu hutoa sweta sandukuni Julai kukiwa na nyuzi 24. Kiangazi cha Stanley siku hiyo kilikuwa nyuzi 11, na upepo juu. Mimi ni mtoto wa kusi na kaskazi, upepo naujua, lakini ule si wa kusafiria. Ule ni wa kufukuzia watu.

Nilishuka na mwenzangu wa Mombasa, dobi wa meli. Kituo cha kwanza kilikuwa kanisa kuu la Kianglikana, ambalo hakuna kanisa kuu la Waanglikana lililo kusini zaidi yake duniani. Nje pamesimama upinde uliojengwa mwaka 1933 kwa taya za nyangumi wawili wa buluu. Watalii waliupiga picha kwa adabu. Dobi aliugonga kwa kidole, akatazama juu.

"Ami, samaki huyu angetosha harusi ngapi?"

"Nyangumi si samaki."

"Hata kamba si samaki, na tunawala."

Tukapiga hesabu. Kwa harusi za Lamu, tulikubaliana, hata wote wawili wasingefika siku ya mwisho.

Lakini kilichotushusha hasa ni pengwini wa Gypsy Cove, mwendo mfupi kwa basi dogo kutoka mjini. Nilikuwa nimewaona kwenye filamu, wafupi, wamevaa suti, wanyamavu. Tukawa tunafuata njia juu ya ufuo, nikasikia punda.

Nikasimama. Mtu wa Lamu habahatishi kwa punda. Tumelelewa nao, wanapita vichochoroni na mawe na mchanga mgongoni, na alfajiri wakianza hakuna anayelala tena. "Kuna punda hapa," nikatangaza, kwa sauti ya mtaalamu.

Majanini, kwenye mlango wa shimo, akatokea pengwini mmoja. Akatanua mabawa, akaelekeza mdomo mbinguni, kifua kikaanza kupanda na kushuka, akalia: hii-hoo, hii-hoo, hadi pumzi ikamwishia. Akaivuta nyingine, akaanza upya. Jirani yake akamjibu. Kumbe ndivyo walivyo pengwini wa Magellan: huchimba mashimo ardhini na hulia kipunda. Nimevuka bahari mbili, ami, kwenda kusikiliza nilichokikimbia.

Mwongozo wa kule unamtaka mgeni akae mita 6 mbali na mnyama. Pengwini hajasomewa. Alinijia akipepesuka, akasimama mbele ya kiatu changu, akanitazama kwa jicho la kushoto, akageuza kichwa akanitazama kwa la kulia, kisha la kushoto tena. Maafisa wa uhamiaji wa bandari nyingi wamenikagua, hakuna aliyenitilia shaka kiasi kile. Nikarudi nyuma, akasogea. Nikarudi tena. Watalii wawili wakaanza kunipiga picha mimi. Nimekulia mji ambao wageni huwapiga picha wazee wetu wakiwa wamejikalia barazani. Sasa najua wazee huwa wanawaza nini.

Ndipo akaja mama mmoja mwenyeji, akanikamata mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa yote niliyowafanyia.

Katika vita vya 1982 vya kugombea visiwa hivyo, wanajeshi wa Argentina walitega mabomu kwenye ufuo wa jirani, Yorke Bay. Pengwini, kwa wepesi wao, hawakuyalipua. Wakaendelea na maisha yao ufuoni. Binadamu walibaki nje ya uzio karibu miaka 40, hadi mabomu ya mwisho ya visiwani yalipoondolewa Novemba 2020. Wengi wa walioyategua walikuwa Wazimbabwe, na baadhi yao walihamia huko na familia. Sasa hapo amesimama Mwafrika mrefu, macho chini, anapima kila hatua. Nilikuwa nahofia kumkanyaga pengwini.

"Mama," nikasema, "mimi ni Mkenya, nahudumu mezani." Upepo uliichukua sentensi yote ukaacha "mama". Machozi yakamlenga, akatoa keki mkobani.

"Usikatae riziki ya Wazimbabwe," dobi akaninong'oneza. "Igawe."

Mchana upepo ukachafuka, boti zikasimamishwa. Tukajazana kwenye ukumbi karibu na gati, abiria na wafanyakazi pamoja, kina mama wa mjini wakimimina chai. Nilipata kiti. Nakazia hapo: nilikaa, nikapewa kikombe na mtu mwingine. Kabla sijakifikisha mdomoni, bwana wa meza ya 14, anayetaka yai lake lirudishwe jikoni kila asubuhi, akaniona kutoka upande wa pili wa ukumbi. Uso ukamng'aa. Akainua kidole.

Kichwa kilikataa, miguu ikawa imeshasimama. Nikamchukulia ya rangi, na biskuti pembeni. Mkewe naye akataka. Meza ya 15 wakageuka. Kina mama wa Stanley wakanipisha kwenye birika bila kuuliza, na mmoja akanifunga aproni.

Nilipopita na sinia, dobi, aliyekwisha kuficha kitambulisho chake cha meli mfukoni, akainua kidole naye.

"Yangu sukari mbili, ami."