Namna ya Kufunga Hesabu ya Mwaka wa Viraka

Kwanza, usifunge hesabu hii Desemba. Dodoma, Desemba ni mwezi wa jembe. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 570 hivi kwa mwaka, na uwele haumsubiri mtu amalize mshono. Malengo ya kushona yaliyoandikwa tarehe 1 Januari yameandikwa na mikono iliyokwisha kuahidiwa palizi. Mwaka wa shuka la viraka uanze Juni, mavuno yakiwa ndani na baridi ikianza kuuma. Julai, usiku wa uwanda huu huweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi, na hapo nyumba nzima inaanza kufuatilia kazi yako: "Mama, lile shuka limefikia wapi?"

Siku ya hesabu tandika mkeka, kisha toa vyote, pamoja na ule mfuko ulio chini ya kitanda. Gawa mafungu matatu. Moja ni la kazi zilizokwisha: vipande vimeungwa, pamba imetandazwa, bitana imewekwa, tabaka zote tatu zimeshonwa pamoja na pindo limefungwa. La pili ni la zilizo njiani. La tatu ni la vitenge vizima ulivyonunua ukisema ni vya shuka. Hilo la tatu litakuwa kubwa kuliko yote. Lirudishe kabatini bila kulihesabu, maana kununua kitenge hakujawahi kumfunika mtu baridi.

Fungu la kwanza lisikucheleweshe. Uliza swali moja tu: nani analala ndani ya shuka hili? Kama halina mtu, halijaisha, hata likiwa limepigwa pasi.

Kaa na fungu la pili. Geuza shuka upande wa ndani, utafute kona ambako vipande vinne vinakutana. Mishono ikikutana palepale, umeendelea sana, hata kama mwaka mzima umetoa foronya moja. Ikipishana kwa upana wa punje ya mtama, iache. Ikipishana kwa upana wa kidole, fumua kona hiyo peke yake, upige bandi kwa mkono, ndipo urudi kwenye cherehani. Mara nyingi kosa halikuanzia kwenye mshono. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, khanga kuukuu imekwisha kufuliwa miaka. Ukiviunga hivyo hivyo, siku ya kufua kimoja kinasinyaa na mwenzake anabaki alivyo, shuka linajikunja. Fua kila kitambaa kabla ya kukata. Lowesha kitenge chekundu na kipande cha kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka. Anika kivulini, na kama ni Septemba anika ndani, kwa sababu vumbi letu halina adabu.

Atakayekuambia viraka ni dalili ya ufukara, mkaribishe kiti umsimulie. Inasimuliwa kwamba Unguja, karne ya 19, wanawake walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaunga vipande 6 kuwa vazi moja, na huko ndiko khanga ilikotokea. Zama hizohizo misafara ya pwani iliyoelekea Tabora na Ujiji haikupita Ugogo, yaani uwanda wetu huu, bure: ililipa hongo kwa watemi, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa vitambaa, ikiwemo merikani iliyofumwa Massachusetts. Kitambaa hapa kilikuwa fedha. Mabaki yanayofagiliwa chini ya cherehani za mafundi pale Majengo, mjini Dodoma, ni chenji tunayoiacha mezani. Pita jioni, useme, "Fundi, pole na kazi. Naomba hayo mabaki ya vitenge usiyatupe," na ukirudi wiki ijayo mpelekee karanga.

Sasa malengo mapya. Usiandike "mashuka manne". Andika "shuka la shangazi wa Kondoa, kabla ya Juni", kwa kuwa shangazi ana kitanda chenye urefu unaopimika, ana rangi anazozipenda, na ana simu. Namba haikupigii kuuliza. Kazi yoyote ya fungu la pili isiyo na jina la mtu itafutiwe mwenyewe wiki hiyo. Ikikosa, mpe binti anayejifunza sindano aimalizie kwa namna yake, na usimsimamie.

Ukimaliza, shona jina na mwaka kwenye bitana, pembeni, kwa uzi wa rangi tofauti. Shuka litakwenda, litafuliwa kwa maji ya chumvi ya kisima, litalaliwa na watoto watatu. Ukienda kumsalimu shangazi, omba ulione. Tazama pindo la upande wa kichwani, ndilo huchakaa upesi kwa kuvutwavutwa. Beba sindano na uzi.