Namna ya Kushindwa na Mlima Meru kwa Heshima

Unataka kupanda mlima, unataka picha, na ngazi za ghorofa ya tatu zinakutoa jasho. Usihofu, tutafika pazuri.

Kwanza, chagua Meru, uache Kilimanjaro. Kilimanjaro una mita 5,895 na kila mtaa una mtu aliyefika kilele cha Uhuru; ukirudia njiani watakuhoji. Meru una mita 4,566 tu, lakini usiku wa kilele unatambaa juu ya miamba gizani, mikono ikisaidia miguu. Aliyewahi kuupanda atakupa pole. Asiyewahi hana la kubisha.

Pili, mpende askari. Pale lango la Momella mtapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo, na hakuna anayeruhusiwa kumwacha nyuma. Wewe mfuate unyounyo: mwendo wake ndio wako, nani atakuita mzembe? Pumzi ikikata usiseme umechoka. Uliza, "Afande, yule ni twiga?" Atasimama, atatazama, atakueleza habari za twiga kwa kirefu. Pumua. Mkifika msituni, muulize kuhusu mbega.

Tatu, na hapa nisikilize vizuri: Little Meru. Alasiri ya siku ya pili mtakuwa kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570, na wenzako watajilaza. Wewe mwombe mwongozaji mpande kilima cha jirani, Little Meru, mita 3,820, mwendo wa saa moja hivi. Juu kuna kibao. Simama bega lako likifunika neno la kwanza, libaki la pili. Zipu ya koti hadi kidevuni, ngumi juu, meno nje. Piga picha nyingi sasa, maana alfajiri uso utakuwa umevimba kwa baridi na usingizi. Tena hila hii ni dawa: mwili uliopanda juu kidogo kisha ukashuka kulala huizoea hewa nyepesi vizuri zaidi.

Nne, usiku wenyewe. Mtaamshwa usiku wa manane, mtakunywa chai, mtaondoka. Baada ya mahali paitwapo Rhino Point miamba inaanza. Elekeza tochi kwenye vidole vyako tu. Kushoto kuna ukuta wa kreta unaoshuka moja kwa moja, na hauna la kukufaa saa hizo. Mikono miwili na mguu mmoja vishike mwamba ndipo mguu wa pili uhame. Fimbo mpe mwongozaji. Palipo na mteremko unaoutilia shaka, kaa kitako uteleze taratibu. Vaa suruali nyeusi.

Tano, chagua mahali pa kushindwa mapema, usisubiri pakuchague. Mimi napendekeza Cobra Point, mita 4,350. Jua likichomoza, Kilimanjaro hujitokeza juu ya mawingu upande wa mashariki, na mtu anayegeuka pale anaonekana ameridhika. Mwambie mwongozaji, "Kaka, mimi nimeliona jua, linatosha." Atakuelewa. Ila kichwa kikigonga, ukitapika au ukiyumba kama mlevi, usingoje jua wala picha. Shuka hapohapo, hata kama kilele unakiona.

Mkirudi kwenye ile miamba kutakuwa kumekucha, na utaona ulipopita usiku. Magoti yatatetemeka. Wape watu njia, jifanye unafunga kamba za viatu.

Bakshishi usiipunguze hata kidogo. Wapagazi wamebeba begi lako, chakula chako na mzigo wa visingizio vyako vyote.

Nyumbani watakuuliza, "Ulifika?" Usijibu haraka. Nywa maji kwanza. Kisha sema, "Mita elfu nne na ushei, ndugu yangu, baridi ile acha tu," halafu toa simu uwaonyeshe ile picha ya kibao.