Mwongozo kwa Mzee Anayetarajia Kufungwa Dodoma

Mzee wangu, nasikia tarehe ya hukumu imepangwa, na wanao wanakutuliza kwamba hata mambo yakienda kombo utafungwa Dodoma, makao makuu ya nchi, penye hospitali za maana. Hawasemi uongo. Ipo Benjamin Mkapa kule UDOM, ambako figo zinapandikizwa tangu 2018. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wataiita General mpaka Kiyama. Wanachosahau kukwambia ni kwamba kati yako na hospitali hizo pana ufunguo, gari lenye mafuta na askari wa kukusindikiza, na ni nadra vitatu hivyo kukutana siku moja.

Jambo la kwanza, jua umri wako. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60, na ahadi ya matibabu bure kwa wazee wasiojiweza inaanzia hapo. Wataalamu wa magereza duniani huanzia 50 au 55, kwa sababu wameona kifungo kinavyomzeesha mtu kabla ya wakati. Lakini katika matangazo ya msamaha wa Rais, mzee kwa kawaida ni wa miaka 70 na kuendelea. Kwa hiyo wewe mwenye 62, uliyekuwa mzee mpaka asubuhi ya leo, ukivuka geti umerudishiwa ujana wa miaka minane. Hongera.

Ujana huo utauhitaji kwenye kuhesabiwa. Mfungwa huhesabiwa akiwa amechuchumaa, na akisemeshwa na afande huchuchumaa tena. Magoti yako yana habari zao, lakini hesabu haisubiri goti. Ikikosekana namba moja, wote mnaanza upya, na vijana walio nyuma yako watakukumbusha kwa lugha ambayo hukuzoea kusikia kutoka kwa watu wa umri wa wajukuu zako. Cheti cha mganga kinaweza kukuondoa kwenye kazi ngumu. Chuchumaa yenyewe usiitafutie cheti, jitafutie ukuta wa kushikilia.

Sasa tezi dume. Huko nyumbani ulikuwa unaamka mara nne usiku, unatafuta ndala, unatoka zako. Bweni likishafungwa jioni linafunguliwa asubuhi, na humo ndani mmelala bega kwa bega, mkigeuka mnageuka kwa makubaliano. Kutoka ulipo mpaka kwenye mtondoo wa kujisaidia kuna miguu, vichwa na matumbo ya watu waliolala, nawe una haraka, huoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho, na ukikosea hatua umemkanyaga mtu aliyefungwa kwa kujeruhi. Ushauri wa kawaida ni kupunguza kunywa maji mchana. Ni ushauri mbaya kwa figo, na kwa joto la Dodoma la Novemba ni mbaya zaidi, lakini wazee wengi wenye tezi huufuata hata uraiani, itakuwa huko. Omba nafasi karibu na mtondoo. Harufu utaizoea. Ni nafasi pekee bwenini ambayo hakuna atakayekugombania.

(Kina bibi watakaopelekwa gereza la Msalato wasome mwongozo huu hivihivi, waruke aya ya tezi.)

Usisahau mambo. Nasema kwa uzito, maana gerezani kusahau huonekana ukaidi. Mzee asiyekumbuka namba yake, anayepanga mstari usio wake au anayeuliza mara ya tatu mkewe atakuja lini, nyumbani angeitwa masikini babu. Huku anaweza kuitwa mjeuri. Na wakisema unapelekwa Isanga, uliza Isanga ipi. Kuna Gereza Kuu la Isanga, na kuna Taasisi ya Isanga iliyo chini ya Mirembe, hospitali ya akili iliyopo tangu 1927, inayopokea wahalifu wenye maradhi ya akili.

Zahanati ya gereza usiidharau. Tabibu wake mara nyingi ni mtu mwema anayepima presha ya watu wengi kwa mashine moja. Ila presha na kisukari ni maradhi ya kila siku, na zahanati imezoea maradhi ya ghafla: homa, kuhara, jeraha. Dawa ya kila siku italetwa na mwanao, ikaguliwe getini. Mpende huyo mwanao. Kama mligombana juu ya shamba, patana naye kabla ya hukumu.

Siku ya hospitali ikifika utafurahi. Ukutani utasoma lile tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza. Raia wazee hulisoma wakiwa wamekaa foleni. Wewe utapishwa kweli, kwa sababu ya rangi ya chungwa uliyovaa na bunduki iliyo nyuma yako. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 kanuni zinazoitwa za Mandela, zinazotaka mfungwa atibiwe kwa kiwango kilekile cha raia. Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu gerezani mwaka 1988, mwaka aliotimiza miaka 70. Serikali ya makaburu ilimpeleka hospitali upesi, ikijua dunia nzima inamwangalia. Wewe anakuangalia nyampara.

Tufike kwenye dawa yenyewe, yaani msamaha. Hutolewa siku za sherehe, hasa 26 Aprili na 9 Desemba, kwa hiyo panga uzee wako uivie kabla ya moja ya tarehe hizo. Njia nyingine ni kuugua: UKIMWI, kifua kikuu au saratani iliyofika mwisho, ithibitishwe na jopo la waganga chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya. Ugonjwa wa wastani haufai. Usiwe na nafuu jopo linapokuja.

Kisha soma mstari wa chini wa tangazo, ule wa wasiohusika. Mara nyingi utawakuta humo waliohukumiwa kunyongwa, wa kifungo cha maisha, wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hapo ndipo ninaposhindwa kucheka. Unyang'anyi huo una kifungo kisichopungua miaka 30. Anayeingia na miaka 45, hata akipunguziwa theluthi, anatoka na 65. Wa kunyongwa hawajanyongwa tangu 1994, wanazeeka tu wakisubiri. Yaani msamaha wa wazee unawaruka walewale ambao gereza limewazeesha, unamfikia aliyeingia akiwa tayari ana mvi kwa kosa dogo.

Imewahi kuvunjwa desturi hiyo, na ni hapahapa Dodoma. Tarehe 9 Desemba 2017, uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli aliwasamehe 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Magazeti yalijaa wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, waliokuwa wa kifungo cha maisha. Miongoni mwa wale 61 alikuwamo mzee wa miaka 85.

Ukitoka, nenda ofisi ya mtaa ukachukue barua ya kukutambulisha kama mzee asiyejiweza, maana huko nje dirisha la wazee linataka karatasi, na mtendaji hakujui. Nenda mapema, siku ya Jumatatu. Shati la kuendea liazime kwa jirani, kwa sababu lile uliloingia nalo litakuwa limeliwa na nondo.